Babu William na mstari wa wino

Mama mkwe wangu hachoki kusema: "Sisi ni wa kijiji hiki tangu enzi." Nimeolewa Norfolk, mashariki mwa Uingereza, kijiji chenye kanisa la mawe, baa moja na basi la kubahatisha. Mwanangu alipopewa kazi ya shule achore mti wa ukoo, upande wangu uliisha kwa simu moja kwa bibi yangu Tanga. Alitaja majina saba kurudi nyuma, hata pumzi hakuvuta. Upande wa baba yake tukakwama kwa babu wa kale aitwaye William.

Kwenye sensa ya 1841 yupo: miaka 25, kibarua wa shamba. Karani kaandika "Ag Lab", kifupisho cha "agricultural labourer", utakachokutana nacho mpaka kikuchoshe. Nikapiga hesabu, nikapata 1816, nikapekua ubatizo wa parokia yetu mwaka baada ya mwaka. Hayupo. Jioni mbili zilinipotea hivyo.

Kumbe sensa ile ina mtego. Makarani waliagizwa kushusha umri wa kila aliyezidi miaka 15 hadi kwenye tano ya chini, kwa hiyo mtu wa miaka 29 akaandikwa 25. Na mahali pa kuzaliwa hawakuuliza parokia, waliuliza kama ni kaunti hiyohiyo au siyo. Sensa ya 1851 ndiyo inayotaja parokia, na humo William ana miaka 38, tena kazaliwa parokia nyingine kabisa, mwendo wa saa mbili kwa miguu. "Tangu enzi" ya mama mkwe ikaanza kuchuja hapo.

Faharasa za rejista nilizipekua bila malipo kwenye tovuti za FreeREG na FamilySearch. Ila faharasa ni ya kukuonyesha njia tu, fungua picha ya ukurasa wenyewe. Miti ya ukoo ambayo watu wameipandisha mtandaoni ndiyo kabisa usiiamini. Mmoja alikuwa amempa William wetu baba aliyekufa miaka minne kabla yeye hajazaliwa.

Ubatizo niliukuta Machi 1813. Bahati nzuri, kuanzia mwaka huo rejista zilikuwa za fomu zilizochapishwa, zenye safu ya majina ya wazazi, makazi na kazi. Kwenye safu ya wazazi kuna jina moja tu, la mama. Pa kazi, kasisi kaandika kwamba hajaolewa.

Nikarudi kwenye ndoa ya William ya 1839, ambayo picha yake ilikuwa kwenye simu yangu siku zote. Tangu Julai 1837 rejista za ndoa zilianza kuuliza jina la baba wa bwana harusi. Pale pana mstari wa wino, na chini alama ya X badala ya sahihi. Nilikuwa nimeupita mstari ule kama doa.

Sasa baba ni nani? Hapo umaskini ndio uliotusaidia. Parokia ndiyo iliyolisha maskini wake, kwa hiyo mtoto asiye na baba alikuwa mzigo kwa walipa kodi wote, na wasimamizi wa maskini walimsaka mwanamume mpaka wampate. Karatasi zao zilikaa kwenye sanduku la kanisa. Siku hizi nyingi ziko kwenye hifadhi ya nyaraka ya kaunti, ya kwetu iko Norwich. Nilikwenda Ijumaa. Begi unaliacha kabatini, kalamu ya wino hairuhusiwi, penseli tu. Nikaletewa bunda lililofungwa utepe, na katikati yake amri ya mahakimu wawili: mwanamume fulani, mfyatua matofali, alipe shilingi mbili kila wiki. Karatasi bado ina mkunjo wa mfukoni mwa mtu.

Njia nzima ya kurudi niliwaza namna ya kumwambia mama mkwe. Kwetu habari kama hii hunong'onwa jikoni. Nikamwekea chai, nikasema, "Mama, nimempata baba yake William, lakini hawakuoana."

Akashika nakala, akaisoma mpaka mwisho, akavua miwani.

"Alilipa?"

Sikuwa nimefikiria. Wasimamizi walikuwa na daftari la mapato, lipo hukohuko Norwich. Ijumaa ijayo tunakwenda wote wawili, ameshanunua penseli.