Mti wa Kujifunzia Kukereza

Tanga, mwezi wa Julai

Tangu nianze kujifunza kukereza, yaani kuchonga mti unaozungushwa na mashine iitwayo kerezo, kinachonishughulisha kuliko namna ya kushika bobari (patasi yenye makali yaliyopinda) au pembe ya kunolea patasi ni mahali pa kupata mti kwa bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuimudu mwezi baada ya mwezi. Anayeanza hula mti mwingi, kwa sababu mkono haufundishiki kwa maelezo. Ni lazima mkato uleule urudiwe kwenye kipande kimoja baada ya kingine mpaka maranda yaanze kutoka marefu na uso wa mti ubaki laini kabla haujaguswa na msasa. Bei ya mti ndiyo inayoamua mtu atafanya mazoezi kiasi gani, na kwa hiyo ndiyo inayoamua kama ataijua kazi au ataiacha njiani.

Madukani hapa Tanga mbao huuzwa kwa vipimo vya wajenzi na mafundi samani: mbili kwa nne, moja kwa nane, urefu wa futi 12. Paini inayotoka mashamba ya kusini, kama lile la Sao Hill wilayani Mufindi, ni nafuu, nayo inatosha kwa mazoezi ya kuchonga vifundo (miinuko ya mviringo) na mabonde kwenye fito ndefu, ingawa pete zake hupishana, moja laini na moja ngumu, na kufanya patasi irukeruke. Unene wake, hata hivyo, hautoi bakuli. Mninga na mkongo ni habari nyingine kabisa. Ni miti mizuri mno, lakini nimeona jinsi kipande cha bei kubwa kinavyoutia mkono woga: anayejifunza hukwangua badala ya kukata, huogopa kuingia ndani, na huishia na bakuli nene lisilomfundisha chochote. Naamini kabisa kwamba mti wa kujifunzia unapaswa kuwa ule ambao mtu hatasikitika ukivunjika.

Mti huo nimeupata kwa wauza kuni.

Anayeufahamu mkoa huu anajua kwamba Muheza ni nchi ya machungwa. Michungwa iliyozeeka, isiyozaa tena, hukatwa ili kupisha miche mipya, na shina lake, ambalo mara nyingi halizidi unene wa paja, huishia kwenye fungu la kuni. Nasikitika kila ninapoliona linapasuliwa, kwa sababu mchungwa ni miongoni mwa miti bora ya kukereza niliyokutana nayo: ni mzito, nyuzi zake ni ndogo na zimeshikamana, rangi yake ni ya manjano iliyopauka, na hukubali mkato mkali bila kuchanika. Unafaa kwa vishikio vya patasi, michi midogo, pia za kuchezea watoto na vifimbo vya kusukumia chapati. Sharti ni kumfikia muuzaji kabla shoka halijafanya kazi. Mmoja wao, mama mtu mzima, aliniuliza, "Mwanangu, kuni zisizopasuliwa utazipikiaje?" Nilipomweleza kazi yenyewe, alianza kuniwekea pembeni magogo yaliyonyooka, na bei yake imebaki ileile ya kuni.

Gogo bichi lina faida ambayo sikuitarajia: hukatika kwa urahisi kuliko mti mkavu, maranda hutoka kama utepe, na vumbi karibu halipo. Tatizo huja baadaye. Mti unapokauka husinyaa, lakini hausinyai sawasawa pande zote. Kwa kufuata mzunguko wa pete husinyaa karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kiini kuelekea gome, na kwa urefu wake hausinyai kwa kiasi cha kuonekana. Hapo ndipo nyufa zinapozaliwa, zikianzia kwenye ncha zilizokatwa, ambako maji hutoka kwa kasi kubwa zaidi. Kwa hiyo gogo likifika nyumbani hulipaka ncha zote mbili siku hiyohiyo, kwa nta ya mishumaa iliyoyeyushwa au rangi ya mafuta iliyobaki, kisha hulipasua katikati kwa kuufuata moyo wake, kwa kuwa gogo lililobaki zima na moyo ndani karibu lazima lipasuke. Bakuli hukerezwa mara mbili: kwanza likiwa bichi, huku ukuta ukiachwa na unene wa sehemu moja ya kumi ya upana wake, yaani sentimita 2 kwa bakuli la sentimita 20, kisha hufunikwa kwa maranda yake lenyewe ndani ya mfuko wa karatasi na kuwekwa mahali pasipo na upepo. Hulipima kwa mizani mara kwa mara, na uzito ukiacha kupungua ndipo hurudi kwenye kerezo, likiwa limepinda kidogo, ili kusawazishwa. Hewa ya pwani yetu ina unyevu mwingi, jambo ambalo huchelewesha kukauka lakini huokoa vipande vingi. Ni wakati wa kaskazi, jua linapokuwa kali, ndipo uangalizi unapohitajika zaidi.

Kwa mabakuli na chano, mti wangu ni mwembe. Mafundi wa ngalawa wanaupenda mwembe kwa ajili ya miili ya vyombo vyao, na wanachokihitaji ni shina kubwa, si vipande vya juu vinavyobaki. Hivyo vipande hupatikana kwa fedha kidogo sana, ila ninachagua vile vilivyo karibu na shina, kwa sababu tawi lililokua kwa kulala lina mvutano ndani yake na hupinda kupita kiasi. Mwembe ulioachwa chini ukaingiwa na ukungu hupata mistari myeusi ambayo hakuna rangi ya dukani inayoweza kuiiga, mradi ukaushwe kabla haujaoza. Utomvu wake, nao, huwasha ngozi za baadhi ya watu, kwa hiyo mikono ioshwe na pua ifunikwe.

Mwarobaini upo kila mtaa, na watu hukata matawi yake bila kufikiri. Upande wa Kenya, wachongaji wa vinyago walipoona mpingo na muhugu vinaadimika, wengi waligeukia mwarobaini, mwembe na jakaranda, na kazi yao iliendelea. Kwangu hilo ni ushahidi tosha kwamba miti ya uani si ya kudharauliwa. Mnazi simshauri anayeanza, kwa kuwa nje ni mgumu na ndani ni sponji, tena hula makali ya chombo. Mabanzi ya misaji, ambayo wengi huiita mitiki, kutoka viwanda vinavyopasua magogo ya shamba la Longuza ni mazuri kwa vitu vidogo, lakini nayo yanadai kunoa kila mara. Paleti za mizigo hutazamwa alama kwanza: yenye HT ilitibiwa kwa joto na inatumika, yenye MB ilifukizwa kwa methili bromaidi, gesi yenye sumu, na hiyo siiingizi nyumbani.

Kuna bei rahisi ambayo sitaki kuigusa. Huwa tunaletewa vipande vya mpingo au mninga visivyo na karatasi yoyote, kwa bei ya kushangaza. Mpingo hukua polepole mno, kwa makumi ya miaka, na tangu 2017 biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Kule Kilwa zipo jamii za vijiji zinazotunza misitu yao na kuuvuna kwa utaratibu. Kipande kilichoibwa msituni kinawanyang'anya watu hao haki yao. Siku nikiwa tayari nitanunua mabaki kwa mchongaji anayeweza kunionyesha alikoutoa, na hata mti wa shambani, ukisafirishwa mbali, ni vema kuuliza ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu kuhusu hati ya kusafirishia kabla ya kupakia gari.

Kwa sasa nasubiri mfenesi. Shangazi yangu wa Muheza anao mmoja unaoegemea paa la nyumba, na ameamua uangushwe kabla ya mvua za vuli. Mfenesi una kiini cha manjano kinachoiva na kuwa hudhurungi kadiri miaka inavyopita, na shina la ule wa shangazi linatosha chano kubwa. Nimemwomba mkataji aache vipande virefu kuliko upana wa shina, nami niwepo na nta yangu siku hiyo, kwa sababu jua la mchana mmoja linatosha kuanzisha ufa.