Filimbi ya Upande wa Kushoto

Miezi 6 nilimeza dawa za kifua kikuu bila kuruka hata siku moja. Miwili ya mwanzo dawa nne kwa pamoja, minne iliyobaki dawa mbili, na mkojo rangi ya machungwa hadi mamangu akazoea. Makohozi yakapimwa, yakawa safi. Kwenye kadi wakaandika nimepona.

Lakini nikishuka feri kutoka Likoni, ule mwinuko wa kutokea upande wa kisiwani, Mombasa, ulinishinda. Wamama wenye vikapu vya kichwani walinipita. Mimi nimesimama kando, nimeshika chuma, kifua kinapiga filimbi. Nilikuwa na miaka 24.

Zahanati moja wakasema ni pumu, wakanipa kipumulio. Nikakivuta wiki baada ya wiki, filimbi iko palepale. Pumu ndiyo wanayoiona kila siku, najua. Ila hakuna aliyenisikiliza mgongoni pande zote mbili, na hilo mpaka leo linaniuma.

Aliyesikiliza ni daktari mmoja wa kifua, msimu wa kaskazi, joto limeshika tangu asubuhi. Aliweka stetoskopu kulia, akanyamaza. Akahamia kushoto. "Vuta pumzi, mwanangu. Tena." Akarudi kulia. Kisha akamgeukia mamangu: "Mama, njoo usikilize mwenyewe." Mamangu akasogeza mtandio, akaitia masikioni, akasikiliza huku na huku kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka.

"Huku yalia. Huku hailii."

"Pumu hulia pande zote," daktari akasema. "Hii ya upande mmoja, kuna mahali njia imebanwa."

Nikapigwa picha ya CT mchana uleule. Tuliporudi na bahasha, alichora juu yake: koo la hewa likishuka, likigawanyika matawi mawili. La kulia fupi na pana. La kushoto refu, kama sentimita 5, jembamba zaidi, likipita chini ya mshipa mkuu utokao moyoni. Langu la kushoto, alipofika katikati, akalichora kama uzi. Vijidudu vilikuwa vimeingia kwenye ukuta wa tawi lenyewe. Dawa zikaviua, kidonda kikafunga, na kovu likakaza kama ngozi iliyoungua moto.

"Vidonge vimefanya kazi yake," akasema. "Kovu halisikii vidonge."

Nililia palepale. Miezi yote ile nilidhani labda najidekeza.

Mamangu naye alikuwa ameikazia macho karatasi ya majibu. Chini kabisa paliandikwa kuna kivimbe cha sentimita 1 kando ya bandama. Kwetu utotoni, mtoto aliyevimba tumbo kwa homa zisizokwisha husemwa ana bandama, na neno lile lilimtoa rangi. "Yarabi, imeshuka tumboni?"

Daktari hakumharakisha. Aliinua picha dirishani, akatuonyesha bandama lenyewe, na kando yake kidoa cha mviringo chenye weupe uleule. Rangi waliyonidunga mshipani ilikuwa imeviingia vyote viwili sawasawa. Ingekuwa tezi iliyoshikwa na TB, aghalabu ingekuwa na giza katikati. Mtoto anapoumbwa, akaeleza, bandama hutokana na vipande vinavyoungana, na kimoja kikikosa kuungana na wenziwe hubaki peke yake hivyo. "Amezaliwa nacho. Katika watu 10, angalau mmoja anacho, wala hajui." Nilimpenda kwa dakika zile alizompa mamangu, ingawa foleni nje ilikuwa ndefu.

Tiba ilikuwa Nairobi. Nilidungwa sindano ya usingizi, wakapitisha mpira mwembamba wenye kamera hadi penye kovu, wakaingiza kiputo na kukijaza maji kitanue njia. Mara ya kwanza niliamka nikivuta pumzi hadi chini, lakini baada ya wiki chache kovu likaanza kujikaza tena, kama daktari alivyotuonya. Ikabidi kurudia mara mbili.

Tuliporudi safari ya tatu, mimi na mamangu tulivuka feri kwenda kisiwani, tukaupanda mwinuko kwa mguu. Juu akanisimamisha. Akanigeuza, akalaza sikio lake mgongoni kwangu, upande wa kushoto, watu wakitupita kukimbilia matatu.

"Vuta," akasema. "Tena."