Panchi ikivunjika, usiniombe ngumu zaidi

Fundi akiniletea panchi ya kabaidi iliyovunjika, ile nondo fupi ya kutobolea bati kwenye mashine ya presi, ombi huwa lilelile: "Nitengenezee nyingine, bosi, ila safari hii iwe ngumu zaidi." Mimi naomba kwanza vile vipande. Mtu huvitupa, kumbe habari yote iko pale palipokatika.

Kabaidi ya tangsteni ni chembechembe ngumu mno zilizoshikanishwa na kobalti kwenye tanuri la joto la nyuzi 1,400 hivi za Selsiasi. Chembe huzuia kulika, kobalti huzuia kupasuka. Kobalti ikiwa asilimia 6, ugumu unapanda, lakini pigo la pembeni linaivunja kama kioo. Kwa panchi ya kutoboa bati mimi sishuki chini ya 10, na penye mshtuko mkubwa nafika 15 au zaidi. Kwa hiyo huyu anayelilia ngumu zaidi mara nyingi anahitaji iliyo laini kidogo. Hapo ndipo ubishi unapoanza.

Karl Schröter alipoitengeneza kabaidi hii huko Osram, kampuni ya taa ya Ujerumani, miaka ya mwanzo ya 1920, shida ilikuwa dai, yaani vipande vyenye tundu, za kuvutia waya wa taa. Kazi ya kubanwa, basi. Kubanwa kabaidi inakuweza, kupindwa haikuwezi. Haina mnyumbuko wa chuma, na reli za presi zikilegea panchi huingia kwenye dai, tundu lililo chini ya bati, ikiwa imeegemea upande mmoja. Ile nafasi uliyoipanga kati ya panchi na dai, tuseme asilimia 7 ya unene wa bati kila upande, inabanwa huku na kupanuka kule. Huhitaji kipimo cha ajabu kulijua hilo: pitisha kidole, polepole, kwenye ukingo wa tundu. Upande mmoja laini, mwingine una miiba. Panchi mpya ya gharama kubwa haitanyoosha presi.

Nyingine hukatika zikitoka, si zikiingia. Bati limeikumbatia panchi, bamba la kuvulia, lile linalolivua bati kwenye panchi, limekaa upande, shingo inakwenda. Ndiyo maana nang'arisha kwa unga wa almasi kwa urefu, kufuata mwendo wa panchi. Mikwaruzo ya jiwe iliyokatiza ni mwanzo wa ufa. Na panchi iliyokatwa kwa waya wa cheche za umeme ikaachwa hivyohivyo, siipokei: ngozi yake ya juu ina nyufa ndogo, na maji yanaweza kuwa yameshaondoa sehemu ya kobalti.

Msidhani naichukia kabaidi. Bati lenye silikoni, lile la viini vya mota, linatafuna chuma cha zana upesi, na hapo sioni mbadala wake, mradi dai iwe na nguzo nzuri za kuiongoza. Ila inoeni mapema, kwa jiwe la almasi na maji ya kupoozea ya kutosha. Ukingoja hadi miiba ikue, makali yameshamegeka, na utalazimika kusaga sehemu kubwa ya panchi ili kuyapata tena.