Tulivyopata fedha za kitakasa mikono cha wadi ya wazazi

Kuna watu wanaowaambia wauguzi wa wilayani kwamba mfadhili hatoi hela mpaka andiko la kuomba fedha liandikwe na mtaalamu wa Dar. Si kweli, na ushauri huo ulitupotezea msimu mzima wa korosho. Mimi ni muuguzi wa wadi ya wazazi katika hospitali moja mkoani Mtwara. Baadhi ya akina mama waliojifungua kwa upasuaji walikuwa wanaturudia na vidonda vilivyotunga usaha. Nilichotaka ni kitakasa mikono kwenye kila kitanda.

Mtaalamu tuliyetafutiwa akaja na andiko la mamia ya milioni: gari, kompyuta, warsha za hotelini, posho. "Ombeni kikubwa, watakata wenyewe." Mfuko wa hisani tuliouomba ukakataa lote. Barua yao iliuliza swali moja: kati ya kila akina mama mia mnaowapasua, wangapi wanapata maambukizi? Andiko zima halikuwa na namba hiyo, na hospitalini hapakuwa na aliyeijua.

Kidonda cha upasuaji hufuatiliwa hadi siku ya 30, na siku hizo mama yuko kwake zamani. Tukaanza kupiga simu. Namba ni ya mume, mume yuko shambani anaokota korosho, mtandao haushiki. Mhudumu wa afya wa kijiji akajitolea kuwafuata kwa pikipiki, mafuta yakamshinda. Siku moja naangalia foleni ya kliniki ya watoto, jibu likaja lenyewe: chanjo ya penta ya wiki ya sita! Mama wa huku ataacha yote, sindano ya mtoto haachi, na wiki sita ni siku 42, zile 30 zimeshapita. Tukawa tunampigia mama muhuri mwekundu kwenye kadi siku anaporuhusiwa. Dada wa chanjo akiuona, anamuuliza maswali matatu, anaangalia kovu nyuma ya pazia, anaandika kwenye daftari. Muhuri, wino na daftari havikufika elfu hamsini. Namba ikapatikana, tena bila kumfuata mtu kijijini.

Andiko la pili tuliliandika wenyewe, kurasa chache. Tuliweka humo kanuni ya Shirika la Afya Duniani ya kutengeneza lita 10 za kitakasa mikono: ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliserini mililita 145, kisha maji yaliyochemshwa yakapoa hadi lita zitimie. Unaacha saa 72 kabla ya kutumia. Mfamasia wetu anaiweza kabisa. Tukataja pia hospitali ya Ifakara, mkoani Morogoro, iliyokuwa miongoni mwa hospitali nane duniani zilizojaribu orodha ya usalama wa upasuaji, yaani mambo ya kuhakikisha kabla, wakati na baada ya kumpasua mgonjwa. Matokeo yalitoka mwaka 2009, na kwa hospitali zote nane pamoja vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Anayesema hospitali za huku haziwezi utafiti asome hayo. Kibali cha utafiti cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kiombeni mapema, kina foleni yake.

Niliambiwa pia wauguzi Waislamu watakikataa kitakasa mikono kwa kuwa kina pombe. Mimi ni Mwislamu. Nilimwendea shehe wetu, akasema cha kupaka mikononi kwa ajili ya tiba si kinywaji, yakaisha.

Mfuko ule ule wa hisani ukatupa karibu yote tuliyoomba, milioni kumi na kitu, kupitia akaunti ya hospitali. Kwenye bajeti msisahau kipimo cha nguvu ya pombe na stoo yenye hewa isiyo na moto karibu, maana ethanoli inawaka. Chupa ndogo za kuning'iniza kitandani nazo zinakula hela kuliko mnavyodhani.

Vidonda vya usaha tunaviona vichache sasa, ila asilimia sitaitangaza kabla daftari halijatimiza mwaka. Chumba cha upasuaji nao wameomba daftari kama letu, wanataka kuombea vipima oksijeni vya kidoleni.