Sauti ya kwanza ilipokosa waimbaji

Bwana asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni Zaburi 78:4: "Hayo hatutawaficha wana wao, huku tukiwaambia kizazi kingine, sifa za Bwana."

Mwaka 1644 Bunge la Uingereza liliamuru vinanda viondolewe makanisani, na kwaya za makanisa makuu zikavunjika. Mwaka 1660 Mfalme Charles II alirudi kutawala, na ibada za zamani zikarudi naye. Vinanda viliundwa upya. Lakini mtunzi Matthew Locke aliandika kwamba kwa zaidi ya mwaka mzima kanisa la mfalme halikuwa na hata mvulana mmoja wa kuimba sehemu yake sawasawa. Sauti ya kwanza ikapigwa kwa ala za kupuliza, au wanaume wakabana koo ili watoe sauti nyembamba.

Hebu tutulie hapo. Watu hawakuacha kuomba miaka ile, na zaburi waliimba. Kilichokatika ni mtu mzima kukaa na mtoto siku kwa siku akimfundisha. Miaka 16 ilitosha.

Kazi ya kuanza upya alipewa Kapteni Henry Cooke, mwimbaji aliyewahi kupigana vita upande wa mfalme dhidi ya Bunge. Aliwakusanya wavulana, akiwemo John Blow kutoka Newark na Pelham Humfrey, na hakuishia kuwafundisha kuimba. Novemba 1663 Samuel Pepys aliandika katika shajara yake kwamba amesikia Zaburi ya 51 ikiimbwa kwa sauti 5, mtunzi akiwa mmoja wa wavulana wa Cooke, na kwamba wapo wengine wanne watano wanaoweza kufanya vilevile. Kinachonigusa mno ni hapo: mtoto alitunga, na kanisa likaimba.

Blow alipokua akawa mpiga kinanda wa Westminster Abbey, kanisa kubwa la London. Mwaka 1679 nafasi hiyo ilishikwa na Henry Purcell, kijana wa miaka 20 hivi. Purcell alipofariki mwaka 1695, Blow alirudi kwenye kinanda kilekile. Kaburi la Blow limo humo Abbey, na maandishi yake yanamtaja aliyemfundisha, Christopher Gibbons, kisha yanasema Blow alikuwa mwalimu wa Purcell.

Mwalimu wa kwaya unayesoma hapa, kwenye mazoezi ya wiki hii mpe mtoto mmoja ubeti auongoze mwenyewe, na Jumapili auimbe mbele ya kanisa.