Unga wa Chapati Ulivyonitia Aibu

Aliyeniambia DNA ya ngano, zile nyuzi za urithi zilizomo ndani ya seli, inatoka kwenye unga wa chapati, aje mtaani Langoni anilipe spiriti yangu!

Nafundisha tuisheni ya bayolojia barazani kwetu, hapa Lamu, na nilitaka wanafunzi waione DNA kwa macho yao. Video zote za jaribio hilo ni za stroberi. Kisiwani stroberi nitaitoa wapi? Rafiki akasema, "Chukua unga mweupe, ngano ni ngano." Nikakoroga na maji ya uvuguvugu, chumvi na sabuni ya vyombo, nikamimina spiriti. Gundi. Kesho yake nikazidisha sabuni: gundi yenye povu. Siku ya tatu nikachuja kwa kipande cha leso, Mama akachungulia: "Uji huo wampikia nani, mwanangu?"

Kumbe unga mweupe umeshatolewa kiini, pale ulipo mche mchanga wenye seli zilizobanana. Unaobaki sana ni wanga. Na kiini kilikuwa jikoni siku zote, kwenye ngano nzima ambayo Mama huitwanga mwenyewe kwa bokoboko! Nikairoweka, nikakaa na kisu nikibandua ncha za punje, moja moja, hadi kijiko kikajaa. Mgongo acha tu. Nikarudia maji, chumvi na sabuni. Spiriti ilale kwenye friza, na uimimine pembeni mwa bilauri polepole. Nyuzi nyeupe zikapanda kama kamasi. Watoto wakapiga kelele.

Nikawaambia kila seli ya ngano ina kromosomu, yaani vifurushi vya DNA, 42, na DNA yake ni kama mara tano ya yetu. Mmoja akabisha: "Sisi tuna 46, mwalimu!" Idadi si ukubwa, nikamjibu, ila hakuridhika, mpaka punda alipopita.

"Punda akizaa na farasi?" nikamuuliza.

"Baghala. Hazai."

Hazai kwa kuwa kromosomu zake hazioani. Ngano nayo ilianza hivyo: nyasi mbili za Mashariki ya Kati, kila moja na kromosomu 14, zilipochanganyika, mtoto alipata nusu kwa kila mzazi, saba huku, saba kule, zisizolingana. Ila kromosomu zikajirudufu zikawa 28, kila moja na pacha wake. Ngano ya tambi bado ina hizo 28. Miaka elfu nane na zaidi iliyopita, upande wa Bahari ya Kaspi, ngano ya 28 ikakutana na nyasi ya tatu yenye 14: nusu kwa nusu, 14 na saba, 21, zikajirudufu tena zikawa 42.

"Basi chapati ni baghala aliyezaa," akasema yule mbishi.

Nikamwachia.