Siku moja maishani mwangu: kupamba simpo za harusi, Unguja

Mtu akiniuliza kazi yangu nikamwambia napamba viatu, hunijibu: "Aa, zile za kubandika maua." Uso wake ushamaliza maneno yaliyobaki: hiyo si kazi, ni kitu cha kupitishia alasiri. Basi hii hapa Jumamosi moja ya mwezi wa masika, tangu alfajiri mpaka miguu ilipokataa.

Saa kumi na moja alfajiri
Nasali, nabandika chai, nawaachia watoto maandazi chini ya kawa, natoka. Nakaa Fuoni. Jumamosi hakuna wanafunzi, kwa hiyo kwenye daladala napata kiti na mfuko wangu naupakata.

Saa moja na nusu
Darajani. Wageni wanapiga picha lile jengo la soko la mwaka 1904, mie napita ubavuni mwake kwenda kwa wauza viatu. Nanunua simpo, viatu vya kike vya chini visivyo na kisigino kirefu, vile vinavyoletwa kwa boti kutoka Dar es Salaam. Kwa jumla napewa kwa elfu sita. Nakikunja kila kimoja mpaka ncha ikaribie kisigino. Kikipasuka rangi hapo nakirudisha, maana mvaaji ataanza kukikunja vivyo hivyo tangu hatua ya kwanza. Vya turubai navipenda kuliko vya ngozi bandia. Turubai sindano inapita na uzi unashika. Ngozi bandia ukiitoboa mara nyingi kwenye mstari mmoja, umeichana mwenyewe.

Saa tatu
Nafungua. Fremu yangu ipo nyuma ya majumba ya Michenzani, tunachangia kodi na fundi cherehani, mzee wa watu, ambaye vipande vyake vya lesi na satini huishia kwenye kikapu changu. Nashona jozi tatu za kuuza, za kawaida: shanga nyeupe ukingoni, basi. Kitu kimoja ambacho wanaojifunza hawakioni ni kwamba cha kulia na cha kushoto lazima vitazamane. Ua likiegemea nje upande huu, na upande wa pili lianguke nje vilevile. Ukishona yote mawili kwa mkono uliozoea, unapata viatu viwili vya mguu mmoja.

Saa nne
Hodi. Akaingia mamkubwa wa bi harusi.

Huyu alikuwa na kazi kwangu: jozi nane za wapambe, elfu kumi na nane kila jozi, nusu kalipa. Zilikuwa tayari, zimefungwa kwenye mifuko, pindo la kanga ya buluu limezunguka mdomo wa kiatu na shanga za fedha juu yake. Nikadhani kaja kuchukua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mambo yamegeuka." Akaweka mezani doti mpya, ya zambarau na manjano. "Sare imebadilishwa jana usiku. Upande wa mume nao wamenunua ile ile ya buluu. Sasa tutajuanaje?"

"Shughuli lini, mama?"

"Leo, baada ya isha, inshallah."

Fundi cherehani akanitazama juu ya miwani, akarudi kwenye suruali yake.

"Si unabandua ile unabandika hii?" akasema. "Gundi tu hiyo."

Hapo ndipo ninapochokaga, na siku ilikuwa bado mbichi. Gundi ya fundi viatu haibanduki. Unapaka huku na huku, kwenye kiatu na kwenye kitambaa, unaacha mpaka ukigusa kwa kidole hainati, ndipo unakutanisha. Ikishashikana imeshikana; ukiivuta inakuja na ngozi ya kiatu. Kwa hiyo dawa ni kuzifumua shanga zote, kuipiga msasa ile kanga ya buluu, na kuifunika na mpya. Nikamweleza. Nikamwambia kila jozi ataongeza elfu tano.

"Elfu tano! Mwanangu, kanga nimeleta mimi."

"Kanga umeleta, mama. Mikono je?"

Akasema elfu mbili. Nikanyamaza. Akasema wamemsifia kwangu, ndiyo maana kaja. Nikasema ahsante. Akasema wapambe wale wote wataolewa na wote watakuja kwangu. Tukafika elfu tatu na mia tano, na kwa sauti aliyoitamkia ungedhani kanizawadia shamba la karafuu.

Nikakunjua doti nione pindo. Kwa kiatu mimi hutumia pindo peke yake. Michoro yake ni midogo na inajirudia, hata ukikata kipande chembamba bado kinaonekana kanga. Mji, pale katikati ya kanga, una michoro mikubwa, ukikata unabaki na nusu ya ua lisilojulikana. Mama akaweka kidole kwenye jina, yale maandishi ya kanga.

"Na hili liwe hapa mbele, lisomeke."

Nikasoma: *Mungu hamtupi mja wake.*

"Mama, hili haliwekwi kiatuni."

"Kwa nini? Si liko juu? Si chini ya soli."

"Juu ya kiatu ni mguuni. Msichana ataingia nalo msalani."

Cherehani ikasimama. Mama akatazama kanga, akamtazama fundi, fundi akatazama dari. Wateja wengi nimewakatalia rangi na mitindo, lakini hili sikulikataa kwa sababu ya ufundi, ni kwa kuwa limetajwa Mungu. Nikachukua mkasi, nikalikata jina lote, kipande kimoja kirefu, nikalikunja vizuri nikampa mkononi. Akalitia mkobani.

"Umesema kweli," akasema. Kisha akavuta kiti cha plastiki, akakaa. "Basi nitakungoja hapa hapa."

Akakaa mpaka adhana ya adhuhuri.

Sijui kama umewahi kufumua shanga huku mtu anakuhesabia. Kila nilipokata uzi akasema "pole pole, zisipotee". Akampigia dada yake simu kwa sauti ya nje, nikajua nani hakualikwa na kwa sababu gani. Akampigia mpishi wa biriani. Kisha akageuka: "Mwanangu, yule mmoja ana mimba, miguu imevimba, ile 39 haimwingii. Mtafutie 41." Nikaacha kila kitu nikarudi Darajani kwa miguu, na mvua ikanikuta njiani. Namba 41 ya simpo nyeupe haikuwepo duka la kwanza, wala la pili. Niliipata kwa mzee anayepanga viatu chini ya turubai, akaniuzia elfu tisa kwa sababu aliniona nahema.

Niliporudi umeme ulikuwa umekatika na mama kashahamia mlangoni penye upepo. Aliondoka kwenda kusimamia biriani.

Mchana
Sikula. Fundi alinigawia urojo wake kwenye kimfuko, nikaunywa nimesimama, mbali na viatu.

Sasa kazi yenyewe. Umeme ukikatika feni haipo, na masika hewa ina maji. Gundi iliyozoea robo saa inakwenda nusu saa, na ukiiharakisha inatoa utando mweupe. Ukikutanisha wakati huo, kitambaa kitakaa vizuri mpaka mvaaji acheze, halafu kinanyanyuka pembeni. Kwa hiyo nikavipanga viatu kumi na sita barazani, chini ya paa, nikawa navipepea kwa kifuniko cha kasha. Watu wanapita wanauliza, "Unapepea nini, mishikaki?"

Pindo nililikata hanamu, yaani mshazari. Kitambaa kilichokatwa hanamu kinavutika, kinazunguka ncha ya kiatu bila kukunjamana. Ukikata kwa kufuata uzi wake utapata mikunjo pale mbele na hakuna nyundo itakayoilaza. Kiatu nimekishindilia matambara ndani kiwe kigumu, kitambaa nakivuta kwa vidole gumba viwili, naanzia katikati ya ncha kwenda pembeni. Pembeni hukatwa vijisehemu vidogo vidogo, vinalazwa kimoja juu ya mwenzake, kisha nyundo, taratibu.

Shanga zilikuwa za mwisho, na kwa shanga simwamini mtu wa gundi. Gundi ya haraka inakauka kama kioo, na kiatu kinakunjika kila hatua. Pale panapokunjika shanga zinaruka moja moja ukumbini. Mie natoboa kwa msharasi, nashona kwa mshipi wa kuvulia samaki, ule mwembamba, kila shanga napita mara mbili, na fundo nalificha kati ya kitambaa na kiatu ili lisimchome mguuni. Pale pa kukunjia vidole siweki kitu. Mteja huona pengo akadhani nimebana shanga. Kastabini ninayo, lakini ikifika jozi ya tano kidole kinatoa jasho, inateleza, naitupa. Video zile za simuni zinaonyesha kiatu cheupe, mkono unapita, kiatu kimepambika. Hazionyeshi kidole.

Alasiri sikumbuki saa. Umeme ulirudi, fundi akashangilia peke yake. Nilikuwa jozi ya sita. Mama kapiga simu: zimefika wapi? Kapiga tena. Kamtuma kijana na bodaboda akae anitazame. Kijana akalala kwenye kiti kile kile. Mgongo ulikuwa umekufa ganzi na macho yanaona zambarau hata nikitazama ukuta. Jozi ya nane ilikuwa ile ya 41, na kwa kuwa kiatu kipana kilikula kitambaa zaidi, nililazimika kuunga kwa ndani, upande wa kisigino, pasipoonekana. Nikakikunja ncha mpaka kisigino, kama ninavyovikunja vyote dukani. Hakikulia, hakikunyanyuka. Nikamwonyesha fundi. Akakigeuza, akatafuta kiungo, hakukiona. Fundi huyu hasifu kitu cha mtu. Alisema, "Eee," akanirudishia. Nilifurahi kuliko nilivyotaka kuonyesha.

Magharibi
Mama alikuja mwenyewe, kajipaka hina, ananukia udi. Akavitoa vyote mifukoni, akavipanga sakafuni, akavua kandambili akajaribu cha namba yake ingawa yeye si mpambe.

"Mashallah. Kweli unajua."

"Ahsante mama. Imebaki laki moja."

Akahesabu elfu tisini. "Hii kumi nitakutumia kwa simu, mwanangu, sasa hivi nina mpishi."

Niliimba wimbo wa kulipwa kwanza, yeye akaimba wa biriani, na wake ulikuwa mrefu. Viatu vikapanda bodaboda.

Usiku
Fuoni, watoto washakula. Naloweka vidole kwenye maji ya chumvi, simu inalia. Picha: wapambe wanane wamesimama mstari mmoja, magauni yameinuliwa kidogo viatu vionekane. Chini yake ujumbe kutoka namba nisiyoijua. Ni wifi yake bi harusi, wa ule upande wa buluu, anataka jozi sita za Jumamosi ijayo, na anauliza kama kuna bei ya undugu.

Nikamjibu alete namba za miguu, sare ambayo haitabadilika, na pesa nusu. Na amkumbushe mamkubwa elfu kumi yangu.